Doa la Kisiginoni

Mtaani walimwita Mikono Miwili, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alibaki akijiuliza kama wenzake wana mitatu. Kisa chake kilikuwa rangi. Mafundi wa kupaka nyumba husema mkono wa kwanza na mkono wa pili, yaani rangi ipite ukutani, ikauke, kisha ipite tena. Wapo mafundi wanaopaka mkono mmoja, tena rangi yenyewe wameizidishia maji, wanachukua chao na kutokomea, na mvua ya kwanza ikinyesha ukuta unabaki uchi. Yeye hakuwa na tabia hiyo. "Mikono miwili, au tafuta fundi mwingine," alimwambia mwenye nyumba yeyote, awe mkubwa awe mdogo. Wengi walimnunia, kisha wakamrudia.

Alipaka pekupeku. Viatu, alisema, vinamdanganya mtu akiwa juu ya ngazi, lakini mguu mtupu unajua kipago kimeanza kulegea kabla akili haijajua. Hata mke wake alimpata akiwa juu ya ngazi. Mwanamke huyo alikuwa msusi katika saluni ndogo ambayo Mikono Miwili alipewa kuipaka, na ukuta wa saluni ile ulirudiwa mara tatu. Kila mara kasoro ilionekana upande uleule, aliokaa msusi. Mwenye saluni hakuwa mjinga. Mara ya tatu alimwambia fundi aache brashi, aseme alichotaka kusema, wateja wanakohoa.

Wakaoana, wakapata binti, kisha wa kiume. Na jioni, fundi akirudi kazini, kabla hajatia kitu mdomoni, kulikuwa na ukaguzi. Alikaa kwenye kigoda uani, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, na binti yake akamzunguka na kitambaa kilichotiwa tina kidogo, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, akiwinda madoa. Nyuma ya sikio. Kwenye kiwiko. Katikati ya vidole vya miguu. Chupa yenyewe aliishika baba, maana mama alishasema mtoto akiigusa tu atawatoa wote wawili nyumbani, wao na kigoda chao. Kwa kazi hiyo binti alipewa cheo cha Msimamizi, na cheo kikamkaa mpaka mwalimu wake naye akawa anamwita hivyo. Mdogo wake, Kibonge, alishika sabuni. Zaidi ya kuishika hakuwa na kazi, ila ungethubutu kumwambia hivyo, nyumba isingekalika.

"Hapa bado!" Msimamizi alikuwa akisema. "Fundi gani mchafu hivi?"

"Nisamehe, Msimamizi, usinifukuze kazi. Nina watoto wawili, na mmoja anakula sana."

"Ni mimi!" Kibonge alidakia kwa fahari.

Doa la kisigino cha kushoto lilianza kama madoa mengine. Mikono Miwili alikuwa amepewa kazi ya kuziba paa la ghala lililokuwa likivuja, akalipaka lami siku tatu, pekupeku kama kawaida yake, na akarudi nyumbani nyayo zake nyeusi kama sufuria la kuni. Wakasugua wiki nzima. Kila kitu kikatoka, isipokuwa doa moja kisiginoni, dogo kama punje ya hindi. Msimamizi akalipa jina, akaliita Gumu. Tangu hapo kila ukaguzi ulimalizikia kwa Gumu. Alilisugua, akalitukana kidogo, likamshinda, akaapa kwamba kesho litamtambua.

Mtu mwingine yeyote, karani au mwalimu au dereva, angeona doa jeusi kwenye unyayo wake na kushtuka. Fundi rangi aliona kazi haijaisha. Miezi ikapita. Punje ikawa kifungo cha shati, kifungo kikawa kizibo cha soda, kingo zake zikaanza kwenda zigizaga, na siku nyingine ndala ilibaki na damu. Yeye akasema ni lami imekula ngozi, akaongeza tina. Watu wamecheka makosa madogo kuliko hilo, lakini hili halichekeshi, kwa sababu yeyote aliyeishi na madoa maishani mwake mwote angelifanya.

Alipokwenda hospitali hakwenda kwa ajili ya doa. Alikwenda kwa ajili ya uvimbe uliomtoka kinenani na kikohozi kilichokataa dawa za dukani. Daktari, mwanamke mpole asiyependa kuzungusha maneno, alimsikiliza kifua, akamgusa uvimbe, kisha akamwambia avue viatu. Alipoona kisigino alivuta taa karibu, akakiangalia kwa muda ambao mke wa fundi, aliyemsindikiza, hakuupenda.

Vipimo vilichukua wiki mbili. Majibu yalipotoka, daktari aliwaketisha wote wawili. Alisema ni saratani ya ngozi.

"Daktari, hiyo si ya watu weupe?" mke aliuliza. "Wanaoungua na jua?"

"Hata sisi tunaipata, mama. Kwetu hupenda kuanzia pasipoonekana. Unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Ndiyo maana tunachelewa."

"Ni lami?" fundi akauliza. "Au ile tina niliyokuwa nasugulia?"

"Hapana. Tina imekuchubua bure tu. Ugonjwa haukuletwa na lami wala kusugua, na hata ungesugua namna gani usingetoka. Doa lingekatwa hapo mwanzo likiwa dogo, pengine leo tusingekuwa tunazungumza haya." Akaeleza kwamba sasa ugonjwa umeshatembea, uko kwenye mapafu na kwenye ini. Alieleza taratibu, na mke wa fundi akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia, huku haelewi hata neno moja.

Nyumbani wakabishana juu ya watoto. Mama alitaka waambiwe baba ana homa ya mguu. Baba akakataa. Hakuwahi kuficha ufa kwa rangi katika nyumba ya mtu, alisema, na hataanza kwake. Basi akakaa kutwa nzima akitafuta maneno. Mtu mwenyewe aliishia darasa la saba, maneno yake yote aliyapata kwenye kuta, na kwenye kuta ndiko alikoyatafuta. Alipoyapata aliyafurahia, maskini. Aliyarudia kimoyomoyo mara mbili.

Akawaita mchana wa Jumamosi, Kibonge akamkalisha mapajani, Msimamizi akakaa mkekani.

"Mnalijua lile doa la kisiginoni? Kumbe si lami. Ni ugonjwa. Unaitwa saratani ya ngozi." Akawaonyesha kona ya chumba ambako unyevu ulikuwa umepanda. "Mnaona pale? Unyevu huanza kadoa kadogo. Ukiuondoa mapema, ukuta unapona. Usipouondoa, unaingia ndani, unatembea, na siku utakapouona juu, ndani umeshafika mbali. Doa la baba ni hivyohivyo. Halikuondolewa mapema, sasa limeingia ndani."

"Watakuja kukukwangua?" aliuliza Kibonge.

"Limefika pasipokwanguka, mwanangu."

"Utakufa?"

Mama yao akageukia dirishani. "Ndiyo," alisema baba. "Nadhani nitakufa."

"Halafu utarudi lini?"

Akamweleza kwamba harudi. Kibonge akawaza, akauliza kama anaweza kulala na mto wa baba. Akaambiwa anaweza. Msimamizi alibaki ameitazama ile kona ya unyevu. Mwishoni akauliza swali moja tu.

"Mapema ni lini?"

"Kama mwaka jana hivi. Lilipokuwa dogo."

"Ah," alisema Msimamizi, akainuka, akaenda kuosha vyombo bila kutumwa. Wazazi wakatazamana. Baba akashusha pumzi, akadhani mambo yamekwenda vizuri kuliko alivyotegemea.

Wiki ile Msimamizi alikuwa mtoto ambaye kila mzazi anamwomba kwa Mungu. Alifanya kazi za shule alizopewa za likizo bila kelele, alikula chakula chote, hakugombana na mtu. Mama yake akasema mtoto amekomaa. Mtoto wa miaka saba hakomai kwa siku tano, jamani, lakini ndani ya nyumba ile nani alikuwa na akili ya kulifikiria hilo? Fundi alikuwa ameanza kushinda kitandani. Mama alikuwa anasuka wateja wake barazani huku akitega sikio kusikia kikohozi.

Alhamisi alasiri hakusikia kikohozi. Alisikia yowe. Akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama, akakimbilia bafuni, akasukuma mlango.

Kibonge alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu, suruali imeshushwa magotini. Nyuma ya paja alikuwa na alama ya kuzaliwa, ya kahawia, upana wa jani la mchicha. Msimamizi alikuwa amemkalia miguu, mkono mmoja ameshika msasa wa baba yake, mwingine kitambaa, na chupa ya tina ilikuwa wazi kando yake. Alama ilikuwa imegeuka nyama nyekundu. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye vigae, na bafu lote lilinuka tina.

Na Kibonge hakuwa amefungwa. Hakuwa ameshikwa kwa nguvu. Alikuwa ameng'ata taulo. Dada yake alimwambia asipovumilia atakufa kama baba, naye akavumilia mpaka tina ilipogusa kidonda.

Mama akamnyakua mtoto, akammwagia maji, na mkono wake mwingine ukainuka juu ya Msimamizi.

"Usimpige!" Sauti ilitoka chumbani, na hakuna aliyejua kwamba fundi bado alikuwa na sauti kubwa kiasi kile. "Mlete hapa. Usimpige, mlete."

Akaletwa, akasimama kando ya kitanda, vidole vyake vinanuka.

"Umefanya nini, mama?" baba alimwuliza.

"La kwako lilinishinda," alisema Msimamizi. "Hili lisingenishinda."

Ndipo Mikono Miwili alipoyaona maneno yake mwenyewe, yale aliyoyatafuta kutwa nzima na kuyafurahia, yamefanya nini ndani ya mwanawe. Aliwahi kuanguka kutoka ghorofa ya pili akavunjika mbavu mbili, na hakuumia vile.

"Haikuwa kazi yako," alisema. "Ule ni ugonjwa. Hautoki kwa kitambaa. Daktari mwenyewe amesema hata ungesugua vipi usingetoka. Si kosa la mtu yeyote."

"Ulisema halikuondolewa mapema."

"Nilisema vibaya."

"Mimi ndiye niliyekuwa naliondoa." Kidevu kikaanza kumcheza. "Na siku nyingine nilisema nimemaliza, sikuwa nimemaliza. Nilitaka kwenda kuruka kamba. Siku ile wenzangu waliponiita nilisugua mara mbili tu, nikakwambia tayari. Na siku nyingine tena. Siku nyingi, baba."

"Si kosa lako. Si kosa la mtu."

Msimamizi alikuwa anamtazama tu. Haamini. Mtoto huyu alikuwa na ushahidi, alikuwa amehesabu siku zake zote za uzembe, na baba yake alikuwa anamletea neno tupu la kumfariji. Watoto wanalijua neno la kufariji, wanaliona likija kwa mbali. Fundi akaelewa kwamba kosa lile haliwezi kuachwa hewani, lazima lipate mtu wa kulibeba. Akamtazama mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni na Kibonge begani, akapiga moyo konde.

"Kaa hapa," alisema. "Nitakwambia kitu ambacho hata mama yako hakijui. Mwaka jana nilimpeleka Kibonge kwenye kliniki, alipokuwa anaharisha. Nilikuwa nimevua ndala. Muuguzi akaona kisigino changu. Akaniambia, baba, hilo si rangi, nenda hospitali kubwa wiki hii, usingoje. Akaniandikia karatasi."

Kibonge alikuwa analia kwa kwikwi begani mwa mama yake.

"Ukaenda?" aliuliza Msimamizi.

"Sikwenda."

"Ulisahau?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Sikusahau. Niliogopa watanikata mguu, na fundi wa mguu mmoja hapandi ngazi. Nikaichana karatasi. Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda, wewe ukaja na kitambaa chako, na mimi nikakuacha usugue. Nilijua si rangi, na nikakuacha usugue."

"Ungekwenda ungepona?"

"Pengine ningepona."

Msimamizi akainuka. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kile kitu kilichokuwa kimemkalia wiki nzima kilikuwa kimemtoka, na mahali pake palikuwa na hasira, hasira safi ya mtoto, imemjaa mpaka masikioni.

"Nilisugua mpaka vidole vikaniuma," alisema. "Kila siku! Na wewe ulijua!"

"Nilijua, mama."

"Usiniite mama!" Akatoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Mama naye aliondoka. Alikwenda akamfunga Kibonge kidonda, akarudi barazani, akamaliza kichwa cha mteja, na mteja yule alisimulia baadaye kwamba hajawahi kusukwa kwa kukazwa vile. Alirudi chumbani mteja alipokwisha kwenda. Akakaa ukingoni mwa kitanda, amempa mumewe mgongo.

"Mwaka mzima," alisema.

"Mwaka na miezi miwili."

"Ukaichana. Na mimi nimelala kando yako." Akalia, akajifuta kwa kanga, akalia tena. Halafu akageuka. "Sikiliza. Mimi nitajijua. Lakini mtoto hawezi kubaki hivi. Nimemwambia akuletee uji, amekataa, ameuweka chini sebuleni. Daktari ametaja wiki, hakutaja miezi. Mwite. Mwambie muuguzi alikuwa anabahatisha. Mwambie hata ungekwenda ungekufa tu. Mwambie chochote, baba watoto, mpatane."

"Nikimwambia hivyo, kosa atalirudisha kwake."

"Hawezi. Umeshamtoa huko."

"Hukumwona bafuni?" Alikohoa, akapumzika, akaendelea. "Akinichukia mimi, atachoka. Ataolewa, atazaa, ataona watu wazima wanavyoogopa, atanisamehe. Lakini akijichukia mwenyewe atakwenda nalo mpaka uzeeni, na mimi sitakuwepo kulitoa. Mwache."

"Na mimi je? Mimi nimchukie nani?"

"Mimi huyuhuyu. Nipo hapa, nimelala, wala siwezi kukimbia."

Akacheka, mwanamke wa watu, huku machozi yanamtiririka, akampiga kwenye bega kwa ngumi, si kwa utani. Kisha akajilaza kando yake na viatu vyake miguuni.

Siku zikaenda. Msimamizi alipita mbele ya chumba akiwa ametazama mbele, kama askari. Mwanzoni, akiitwa na baba yake, hakuitika. Akitumwa dawa alizileta mpaka mlangoni, akampa Kibonge aziingize. Fundi akawa anazitambua hatua zake koridoni, na kila zilipokaribia aliufunga mdomo ili asimwite. Usidhani lilikuwa jambo jepesi. Kuna mchana alioufunga mdomo kwa meno, akaitazama dari, akatamani mtoto aingie hata amtukane, hata amtemee mate, mradi aingie.

Alasiri moja, shule imetoka, aliwasikia sebuleni. Ukuta wa kati ulikuwa wa mbao nyembamba, na Kibonge hajawahi kujua kunong'ona.

"Mimi nitakufa na doa langu?"

"Hapana," ilisema sauti ya Msimamizi. "Lako umezaliwa nalo. Mama alipokupeleka, daktari aliliangalia, akasema ni zuri. Doa baya ni lile linalokuja lenyewe, halafu linakua, au linatoka damu. Ukiliona hilo huligusi. Unamwambia mtu mzima, na mtu mzima akinyamaza, unamwambia mwingine."

"Na la baba?"

"La baba ni saratani ya ngozi. Haiambukizi. Ukilala naye huipati. Na haitoki kwa kusugua, hata usugue miaka kumi." Akanyamaza kidogo. "Si mimi niliyesababisha. Wala si wewe. Baba aliambiwa aende hospitali, hakwenda. Alikuwa mjinga."

"Baba mjinga?"

"Mjinga sana."

Chumbani, Mikono Miwili alifumba macho. Mtoto alisema kila kitu vizuri kuliko yeye. Hakusahau hata neno moja, na hakutia mfano wa ukuta ndani yake. Fundi akasikia kifua chake kimelegea kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

"Bado umemkasirikia?" aliuliza Kibonge.

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

Msimamizi alikuwa anapiga hesabu. Alikuwa mtoto wa haki, hakupenda adhabu isiyo na mwisho.

"Mpaka tufunge shule," alisema. "Tukifunga tu, nitaingia nimsamehe."

Walikuwa wamefungua Jumatatu ile tu, na muhula ulikuwa wa miezi.